Watoto wa Misheni ya Bagamoyo

Mgeni akifika Misheni ya Bagamoyo huonyeshwa vitu viwili kabla ya vingine vyote. Cha kwanza ni mnara wa kanisa la zamani, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Cha pili ni kipande cha mnyororo kilichomezwa na mbuyu mkubwa, ambacho wengi hukidhania kuwa mnyororo wa watumwa. Sivyo. Mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiwauguza wagonjwa Unguja kisha akahamia hapa, aliuzungusha pale ili amfunge punda wake. Punda alikufa, mti ukanenepa, na hadithi ikanenepa kuliko mti.

Misheni hii haikuanzishwa kwa ajili ya Livingstone, wala haikumhitaji ili iwe na historia. Ilianzishwa kwa ajili ya watoto ambao hakuna aliyejua wazazi wao wako wapi. Kwa miongo kadhaa kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta jibu la swali moja: mtoto aliyenyang'anywa ukoo wake alelewe vipi mpaka awe tena mtu mwenye kwao? Baadhi ya majibu yake yalikuwa mema, baadhi yalikuwa mabaya, na mengine yalipinduliwa na watoto wenyewe walipokwisha kukua. Sasa kwa kuwa Bagamoyo, tangu mwaka 2025, ni makao ya jimbo la Kikatoliki linalojitegemea, na Askofu Stephano Musomba ndiye askofu wake wa kwanza, ni wakati wa kuisimulia upya habari hii kwa kuanzia na watoto, wageni mashuhuri wafuate nyuma.

Kazi ilianzia ng'ambo, Unguja. Desemba 1860 Padre Armand Fava aliwasili kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre wenzake wawili na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Mwaka 1863 kazi hiyo ikakabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, na kiongozi wake akawa Padre Anton Horner, mzaliwa wa Alsace. Soko la watumwa lilikuwa likifanya kazi hadharani mjini, chini ya utawala wa Sayyid Majid. Watoto waliofika wakiwa wagonjwa au wamekonda hawakuwa na bei kubwa. Mapadre waliwanunua hao, na wengine waliletewa bure wakiwa mahututi, kwa sababu mwenye mali hakuona faida ya kuendelea kuwalisha. Fedha nyingi zilitoka kwa Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, ambamo watoto wa Kikatoliki wa Ulaya walichanga visenti vyao kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali.

Kumkomboa mtoto kwa kumnunua ni kumwokoa yeye, lakini pia ni kumtia fedha mfukoni aliyemuuza. Jambo hili lilijadiliwa wakati ule na linajadiliwa hadi leo, na wanaoilaumu misheni kwa hilo hawakosi hoja. Mimi simlaumu mtu aliyemwona mtoto anakufa mbele yake akatoa fedha. Ninachokataa ni mazoea ya kuziandika safari hizo za sokoni kana kwamba zilikuwa matembezi ya huruma tu. Zilikuwa biashara. Kulikuwa na kupatana bei, na watoto walioonekana hawatapona walibatizwa haraka wakazikwa.

Masista ndio waliobeba uzito wa malezi, nao ndio wanaotajwa kwa uchache. Mabinti wa Maria walianzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya Ufaransa kufuta utumwa katika makoloni yake. Shirika lao lilifungua mlango kwa wanawake weusi waliokuwa wametoka utumwani, wakavaa vazi moja na wanawake wa Kizungu na kula meza moja nao. Katika kisiwa cha mashamba ya miwa, ambako juzi tu mweusi alikuwa mali ya mweupe, hilo lilikuwa jambo la kuwatia watu hasira. Kwa hiyo wasichana waliofikishwa kwa masista wale hawakupokelewa na watu waliousikia utumwa vitabuni tu. Walipokelewa na shirika ambalo baadhi ya wanachama wake walikuwa na habari hiyo mwilini au kwa mama zao. Katika historia nzima ya misheni hii sijaona jambo lenye uzito zaidi ya hili, na bado vitabu vingi hulipita kwa sentensi moja.

Kati ya mamia ya watoto wale, mmoja ametuachia masimulizi marefu. Ni Swema, msichana wa Kiyao. Habari zake ziliandikwa na Horner na kuchapishwa Ufaransa mwaka 1870 katika kitabu cha Monsinyori Gaume. Baada ya baba kufariki, maisha ya mama na mtoto yaliharibika, deni likawashika, na Swema akachukuliwa kulifidia. Mama yake akaomba kufuatana na msafara ili asitengane na mwanawe. Njiani nguvu zikamwishia, akaachwa. Mtoto akafika Kilwa, akapakiwa jahazini hadi Unguja, na alipofika alikuwa hawezi tena kusimama. Aliviringishwa mkekani na kufukiwa katika kaburi la kina kifupi, akiwa hai bado. Kijana mmoja aliyepita karibu alisikia mguno, akafukua kwa mikono, akambeba hadi kwa masista.

Masimulizi hayo yanaendelea hadi siku Swema alipomuuguza mfanyabiashara yule yule aliyemtupa, akamsamehe. Hapo msomaji ana haki ya kusita kidogo. Kitabu kiliandikwa kuwagusa wafadhili, na mwandishi alijua vema ni machozi gani yanayofungua mifuko. Lakini ukiondoa mapambo yote, inabaki habari ya mwanamke aliyeufuata msafara kwa miguu yake kwa sababu mwanawe yumo ndani, na hakuna padre wa Ulaya aliyehitaji kuibuni. Mwanahistoria Edward Alpers ameichambua habari hii kwa makini, na kwa kazi yake tunaona vizuri zaidi kwamba msichana asiye na baba wala wajomba wa kumsimamia alikuwa wa kwanza kuuzwa. Umaskini wa mama ulitangulia mnyororo wa mtoto.

Unguja hapakuwa na ardhi ya kutosha. Horner alitaka mashamba, watoto walime chakula chao na wajifunze kazi mbali na kelele za mji. Alivuka bara, akapata idhini ya Sayyid Majid, na tarehe 4 Machi 1868 kazi ikaanza Bagamoyo. Hapo palikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ujiji na Tabora, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Pembe za ndovu zilishushwa hapo, wapagazi wa Kinyamwezi walijaa kwa maelfu wakingoja mzigo wa kurudi nao, na mateka walipitishwa hapo kwenda majahazini. Misheni ilijiweka mlangoni mwa biashara ile ile ambayo ilikuwa ikiwaokoa watoto wake kutoka kwayo.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya misiba. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana Unguja na mwambao mzima. Aprili 1872 kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja meli bandarini kilipiga Bagamoyo pia, majengo ya misheni yakalala chini. Walijenga upya, safari hii kwa mawe. Nyumba ya mapadre na nyumba ya masista unazoziona leo ni za miaka ya 1870, na waliochoma chokaa, waliobeba matumbawe kutoka pwani na waliochonga mbao za milango ni vijana wa misheni yenyewe. Nao ndio waliopanda miembe ya ile njia inayoshuka baharini. Ukitafuta majina yao kwenye kuta hizo hutayapata.

Siku ya mtoto ilikwenda kwa kengele. Sala, darasa, shamba, chakula, karakana, sala. Wavulana walifundishwa useremala, uhunzi, uashi, ushoni na kilimo. Wasichana walifundishwa kushona, kupika, kufua na kulima. Wote walijifunza kusoma na kuandika na katekisimu, na lugha ya kuwaunganisha ikawa Kiswahili, kwa sababu ndani ya bweni moja mlikuwa na Myao, Mkami, Mzigua, Mmakua na mtoto aliyetoka Manyema ambaye kwao ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mzee wa lugha yetu, Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani hii mwaka 1879, alikaa miaka mingi baina ya Unguja na Bagamoyo. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka Paris kati ya 1939 na 1941, ina deni kubwa kwa watu waliomzunguka hapa. Siyo neno la kubahatisha kusema kwamba watoto hao walikuwa miongoni mwa walimu wake.

Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Aliwaita mapadre Wajesuiti, jambo ambalo hawakuwa, akasifu shampeni yao, akakadiria wanafunzi kuwa zaidi ya 200, na akastaajabu kusikia bendi ya vijana ikipiga muziki wa Kifaransa. Mshangao wake una dharau ndani, lakini bendi ilikuwepo. Mwaka 1873 akaja Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyetumwa kumshurutisha Sayyid Barghash, na yeye aliitaja Bagamoyo kuwa mfano wa kuigwa na misheni nyingine. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, soko la Unguja likafungwa, na biashara ya watumwa kwa bahari ikapigwa marufuku. Kuanzia hapo manowari za Waingereza zilikamata majahazi na kuwagawa waliookolewa kwa misheni mbalimbali. Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) walipokea wengi Unguja, Freretown ikaanzishwa Mombasa mwaka 1875 kwa kazi hiyo hiyo, na wengine walifikishwa Bagamoyo.

Kuhusu Livingstone naomba niseme jambo moja tu. Katika kundi lililoubeba mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo alikofariki, safari ya miezi mingi, alikuwemo kijana Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa kutoka utumwani akasomeshwa Nasik, India. Yeye ndiye aliyesoma sala ya maziko, ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti ulio juu ya moyo wa Livingstone, na ndiye aliyeandika kumbukumbu ya safari. Tunamwonyesha mgeni mnara alimolala maiti, tunasahau kumwambia kwamba maiti ile ilifika kwa sababu mtoto mmoja aliyewahi kuuzwa alipelekwa shule. Kama kuna hoja ya elimu ndani ya mnara ule, ni hiyo.

Sasa tuingie kwenye Kijiji cha Uhuru, maana huko ndiko misheni ilikofanikiwa na ndiko ilikokosea. Watoto walikua. Mapadre walijiuliza: tuwapeleke wapi? Kwao hakujulikani, au ni mwendo wa miezi kupita mikononi mwa wale wale waliowateka. Wakaanzisha kijiji kando ya misheni. Mvulana wa bweni la mapadre alioana na msichana wa bweni la masista, wakapewa nyumba, kiwanja na jembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 tayari kulikuwa na wanandoa waliokuwa wakiishi hapo.

Kwa upande mmoja ilikuwa hekima kubwa. Nyumba nyingi za yatima za karne ile, huku na Ulaya, zilimtoa kijana mlangoni na kumwachia dunia. Hapa walielewa kwamba mtu aliyesomeshwa bila jamaa bado ni mtu nusu, na kwamba anachohitaji baada ya kusoma na ufundi ni mwenzi, majirani, shamba na mahali pa kuzikwa. Waliokuwa hawana shangazi wala mjomba wakafanyiana ushangazi na ujomba. Mtoto wa kwanza kuzaliwa kijijini alikuwa na wazazi wote wawili, nao hawakuwa mali ya mtu.

Kwa upande mwingine, mapadre walijifanya ukoo mzima. Wao ndio waliokuwa wazazi wa bwana na wazazi wa bibi, washenga na waamuzi wa ugomvi, tena ndio mwajiri na mwenye ardhi. Ndoa zilipangwa kwa haraka na kwa makundi, vijana wakiwa bado wadogo kwa vipimo vyetu vya leo. Wanakijiji walitakiwa kuendelea kufanya kazi katika mashamba ya misheni, kengele ikiwaamsha kama walivyoamshwa wakiwa wanafunzi. Mwanahistoria Paul Kollman, aliyezipekua barua na shajara za mapadre, ameonyesha jinsi malalamiko yalivyozidi mwaka hadi mwaka: kuhusu ujira, adhabu, na muda wa kulima shamba lako mwenyewe. Wengine walitoroka. Walioona kwamba mpagazi wa msafara hupata malipo yake mkononi waliondoka kufuata misafara. Mapadre waliliandika jambo hilo kwa uchungu, wakaliita utovu wa shukrani.

Mimi naliita elimu iliyofaulu. Ukimfundisha kijana kusoma, kuhesabu na kushika randa, ukamwambia kila siku kwamba yeye si mtumwa wa mtu, usishangae siku atakapokuja kukuuliza mshahara wake uko wapi.

Mwaka 1877 misheni ilipofungua kituo chake cha kwanza bara, Mhonda katika milima ya Nguru, mapadre hawakwenda peke yao. Walifuatana na wanandoa vijana kutoka Kijiji cha Uhuru, na hao ndio waliokuwa mbegu ya kanisa jipya. Walijenga, walilima, na wake zao walikaa na majirani wakazungumza nao mambo ambayo padre wa Kifaransa asingeyajua kwa miaka kumi. Ndivyo ilivyokuwa baadaye Mandera, ambayo sasa iko upande wa Chalinze, kisha Morogoro, hadi Kilema kwenye mteremko wa Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890. Tukisema Bagamoyo ni mama wa kanisa la bara, tuseme wazi kwamba waliombeba mtoto mgongoni ni watu waliotoka sokoni.

Haitakuwa haki kuihadithia elimu ya watoto Bagamoyo kana kwamba misheni ilikuwa peke yake. Mji huu ulikuwa na vyuo vya Qurani muda mrefu kabla ya 1868, na mmoja wa walimu wake wakubwa alikuwa pia mtoto wa utumwani. Yahya bin Abdallah, ambaye watu wote humjua kama Sheikh Ramiya, alizaliwa upande wa Manyema, akatekwa akiwa mdogo, akafikishwa Bagamoyo nyumbani kwa liwali Amir bin Sulaiman al-Lamki. Alijisomesha, akasomeshwa, akaachiwa huru, akajipatia minazi yake, na karibu mwaka 1900 akafungua madrasa yake. Akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Qadiriyya pwani nzima, na wengi waliokaa mkekani mbele yake walikuwa watu wa asili ya utumwa kama yeye, ambao waungwana wa mji hawakuwapa nafasi. Alifariki mwaka 1931, na maulidi yake bado yanawaleta watu Bagamoyo kutoka mbali.

Misheni na madrasa hazikupendana, hilo halifichiki. Lakini ukiziweka pamoja utaona mtoto yule yule, wa njia ile ile, aliyetafuta kitu kile kile: kusoma, heshima na jamaa. Misheni ilimpa kwa mpango na fedha za nje. Mji ulimpa kwa shida zaidi, kwa jasho lake mwenyewe na mlango wa mwalimu uliokuwa wazi. Nadhani wajukuu wa pande zote mbili wangenufaika wakiketi pamoja siku moja kusimuliana.

Vita ya 1888 na 1889, Abushiri bin Salim alipoongoza watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na Bwana Heri akipigana upande wa Saadani, iliipitia misheni bila kuiangusha. Abushiri aliiacha misheni salama, na maelfu ya watu wa mji waliokimbia mizinga walipata hifadhi chini ya miembe ile. Padre Étienne Baur, mwenzake Horner tangu Unguja, ndiye aliyesimama katikati ya pande mbili. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Miaka miwili baadaye Wajerumani walihamishia Dar es Salaam makao makuu yao yaliyokuwa hapa, reli ikajengwa kutokea huko, na Bagamoyo ikaanza usingizi mrefu.

Kabla ya usingizi huo, mfanyabiashara wa Kihindi wa hapa hapa, Sewa Haji Paroo, alitoa jengo la shule katika miaka ya 1890 kwa sharti kwamba watoto wa kila rangi wasome humo. Shule ya Msingi Mwambao imerithi jengo hilo. Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na wakazi wa Dar es Salaam wanamjua kwa jengo la Hospitali ya Muhimbili lenye jina lake. Wachache wanajua kwamba alianza na watoto wa Bagamoyo.

Watu husahau pia kwamba Wajerumani hawakuufuta utumwa wenyewe. Walizuia biashara, wakapunguza makali, lakini sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 50 misheni ililea watoto huru katika nchi ambamo utumwa ulikuwa bado halali. Kanisa kubwa la mawe lililojengwa kati ya 1910 na 1914 lilifunguliwa katika hali hiyo.

Baada ya hapo historia inakwenda haraka. Misheni ikawa parokia kama nyingine, shule zake zikawa shule za kawaida, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitwaa shule za mashirika ziwe za taifa. Wapo waliolalamika. Lakini mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotangazwa Musoma mwaka 1974, ulifanya kwa miaka michache kile ambacho misheni zote pamoja zisingeweza: kumweka darasani mtoto wa mvuvi wa Kaole na mtoto wa mkulima wa Miono bila kuuliza dini yake. Mashirika yalirudi baadaye kwenye sekondari, na shule ya wasichana ya Marian, hapa Bagamoyo, imezoea kutajwa katika orodha ya shule bora za taifa. Ada yake haifikiwi na kila mzazi, na hilo lazima lisemwe pale tunaposifu matokeo.

Tangu 2016 elimu ya serikali haina ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Mzigo uliobaki ni ule aliokuwa nao mama yake Swema: nyumba isiyo na kipato humtoa mtoto kwanza. Mvulana hupotelea kwenye ngalawa na dagaa, msichana hupelekwa Dar es Salaam, kilomita zipatazo 70, akakae kwa watu afue na kulea watoto wa wengine. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi alifungua kesi, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Novemba 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Walioishi Kijiji cha Uhuru wangezielewa hukumu hizo vizuri kuliko sisi, kwa maana waliolewa na kuoa kwa ratiba ya wengine.

Nina ombi, na ninalielekeza kwa Jimbo la Bagamoyo na kwa familia za mji huu. Nyumba ya masista sasa ni makumbusho, na imehifadhi picha, vyombo na minyororo. Inachokosa ni majina. Misheni za Kikatoliki huandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na humo ndimo watoto wale walipopewa majina yao mapya, mengi yakiwa ya watakatifu wa Ufaransa ambao hawakuwajua. Vitabu hivyo vinakiliwe, majina yatolewe, yaandikwe ukutani kwa herufi zinazosomeka, jina la padre na jina la mtoto kwa ukubwa mmoja, na la sista pia. Na wewe ambaye bibi yako alikuwa akisema kwamba ukoo wenu ulianzia misheni, au ulianzia kwa Sheikh Ramiya, usiyaache maneno hayo yakaenda naye. Kaa naye, yaandike, kisha yapeleke makumbusho.